Kilo saba za Keza

Leo nimemshinda muuguzi kwa hesabu, na sina furaha.

Tulikuwa kwenye mizani ya watoto, kliniki, hapa mtaani Muhima. Akasema, "Mama Keza, mtoto yuko chini ya mstari wa katikati wa kadi ya uzito."

Nikamjibu kwa sauti (kaka yangu wa chuo kikuu alinifundisha): "Nusu ya watoto lazima wawe chini yake! Ndiyo maana ya katikati!"

Akina mama wakacheka. "Mwambie, mwalimu!"

Muuguzi hakubisha. Akanigeuzia kadi.

"Achana na watoto wa wenzako. Mlinganishe Keza na Keza. Huu ni mwezi wa tatu mfululizo, kilo ni zile zile saba."

Nikahesabu kwa kidole: saba, saba, saba.

Sijalia, wala sijakasirika. Nimembeba hadi nyumbani, nimebandika uji wa mtama.

Niambieni mliolea: wenu alipogoma kuongezeka, mlimpa nini?