Shangazi Alipoingia Kambi ya Kipindupindu

Nilipotoka Kondoa kuja Dodoma kuanza kazi ya uuguzi, nilifikia kwa shangazi yangu, mtaa wa Makole. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, na watu wanamiminika mjini kutafuta pa kuuzia na pa kulala. Siku za mapumziko nilipenda kutembea hadi pembezoni mwa mji, na kila nilipokwenda nilikuta mji umesogea. Pale nilipoacha shamba la uwele nilikuta nyumba za matofali mabichi, mabati yamekandamizwa kwa mawe yasipeperushwe na upepo, na mtu tayari ameweka meza anauza chumvi na vibiriti. Nilikuwa nasimama tu nikitazama. Sikuelewa watu wote wale walikuwa wapi kabla ya hapo.

Maji yalikuwa shida. Wanawake walichimba visima vifupi kwenye mchanga wa korongo, na juu kidogo ya korongo hilohilo wengine walichimba vyoo. Mvua ziliponyesha mwaka ule, zikanyesha kwa fujo, vyoo vikafurika na kila kitu kikateremkia visimani. Kipindupindu kikaingia.

Kambi ya wagonjwa iliwekwa kwenye shule ya msingi iliyofungwa. Madawati yalirundikwa nje, vitanda vikaingizwa madarasani. Daktari aliyekuwa mkuu wetu alikuwa mtu mrefu, wa kutoka mikoa ya mbali, mwenye sauti ya chini.

Mgonjwa wangu wa kwanza aliletwa kwa mkokoteni. Alikuwa fundi wa kujenga, mtu wa makamo. Macho yalikuwa yameingia ndani, ngozi ya tumbo nikiifinya inabaki imesimama kama kitambaa, na mapigo ya mkononi sikuyapata. Nilijua nimeletewa maiti. Daktari akapiga magoti sakafuni, akapapasa mkono ule kwa utulivu mpaka akapata mshipa, akafungulia dripu maji yakashuka kwa kasi. Kabla ya adhuhuri yule fundi alifumbua macho. Alasiri aliketi, akaniuliza kama kuna ugali.

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya ukuta nikalia. Maji na chumvi, basi. Nimefanya kazi hospitalini miaka mingi tangu siku ile, na bado sijaona kitu kilichonishangaza kama kile.

Lakini baada ya muda watu wakaacha kuja. Ugonjwa ulikuwa unazidi, tukisikia fulani amefia ndani, fulani amepakiwa basi kupelekwa kijijini, upande wa Kibakwe au hata kwetu Kondoa, na ugonjwa wake ukisafiri naye. Vitanda vilikuwa vitupu.

"Dripu tunazo," daktari alisema. "Wauguzi wapo. Kwa nini wanatukimbia?"

Nilimweleza shangazi habari hizo nilipokuwa nyumbani, naye anachekecha unga. Shangazi alikuwa mama wa makamo, mwembamba, na pale msikitini kwetu ndiye aliyekuwa akiitwa kuosha maiti za wanawake.

"Hawaogopi dripu," alisema. "Wanaogopa kufia kwenu. Mtu akifa mnamfunga nailoni, mnampakia kwenye lori, mnakwenda kumfukia. Mumewe hajui hata kaburi ni lipi. Hata mimi nikiugua, usinipeleke."

"Shangazi, mimi ndiko ninakofanya kazi."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia wewe."

Nilimfikishia daktari maneno hayo nikidhani atakasirika. Alisema anataka kumwona. Alikuja mwenyewe kwa miguu, akavua viatu, akaketi mkekani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Shangazi akamwambia yote aliyoniambia mimi, bila kuyapunguza. Daktari hakubisha. Alimweleza kwamba aliyekufa kwa kipindupindu bado anatoa maji yenye ugonjwa, na kwamba anayemwosha akitoka hapo akaenda kupika chakula cha msibani, basi amewalisha ugonjwa waombolezaji wote. Shangazi alisikiliza, mikono juu ya magoti.

"Kwa hiyo kosa si kuosha," alisema. "Kosa ni yale maji yanakokwenda, na mikono inakokwenda."

"Ndivyo, mama."

"Basi tuoshee hukohuko kwako, kwa dawa yako. Tukimaliza, mikono yetu uikague wewe mwenyewe."

Daktari akauliza, "Utakubali kuvaa mabuti na glavu?"

"Nitavaa utakachonipa."

Wa kwanza kuoshwa alikuwa mwanamke kijana, Mgogo, Mkristo. Alikuwa ameletwa amechelewa. Mumewe alikuwa amechuchumaa penye uzio wa kambi. Shangazi alimwendea, akachuchumaa naye.

"Pole, baba. Kwenu mnafanyaje?"

Yule mume alisema kwao wanawake wa kanisani ndio huosha, na huimba. Shangazi akaagiza aitwe mmoja wao. Alikuja mama mnene mwenye kitenge, naye akavishwa mabuti. Wakaingia darasani, ubao bado una hesabu za watoto. Mimi nilikuwa namimina maji yenye dawa, harufu yake ikituchoma macho. Mama wa kanisani aliimba taratibu kwa Kigogo. Shangazi hakujua neno hata moja, lakini mikono yake ilikwenda sawa na wimbo, kama watu wawili waliozoea kufanya kazi pamoja tangu usichana. Mume alikuwa amesimama dirishani, anaona kila kitu. Walimsuka nywele marehemu. Walimvisha gauni lake jeupe.

Niliishika ile ndoo nikijisikia mdogo sana. Nilikuwa nimefundishwa namna ya kuua vijidudu. Sikuwahi kufundishwa kwamba mtu anaweza kumtendea maiti asiyemjua namna ile.

Yule mume alimzika mkewe kwa mikono yake, kaburi akalijua, akanawa kwa dawa kwenye lango la makaburi pamoja na ndugu zake. Kisha akarudi mtaani na kusimulia. Hatukumtuma.

Watu wakaanza kuja. Walikuja kwa mikokoteni, kwa baiskeli, wengine wamebebwa mgongoni, na walikuja mapema, wakiwa bado wanaweza kusema. Wengi hawakuhitaji hata dripu, waliponea kwenye kikombe cha maji ya chumvi na sukari. Walipokuwa wakingoja, shangazi alikaa nao kwenye kivuli cha ukuta akizungumza nao habari ya kuchemsha maji, na wao wakamsikiliza kwa sababu walijua ni yeye aliyeosha. Daktari naye alihangaika ofisi hadi ofisi mpaka maboza ya maji yakaanza kupeleka maji yaliyotiwa dawa kule pembezoni.

Asubuhi moja nikienda kazini nilipitia njia ya juu, na mtaa mzima ukawa chini yangu. Moshi ulikuwa unapanda kutoka kila ua, mpaka kwenye vibanda vya mwisho kabisa, kabla ya saa ya uji. Walikuwa wanachemsha maji. Watu waliotoka kila upande, wasiofahamiana, wasio na hata jina la mtaa, wote wameinama kwenye mafiga kwa wakati mmoja. Nilichelewa kazini siku hiyo.

Ugonjwa ulipokwisha kambi ilifungwa, madarasa yakapakwa chokaa, watoto wakarudi. Shangazi, mikono imechubuka kwa dawa, alirudi nyumbani, akajipaka mafuta, akalala tangu asubuhi mpaka alasiri. Wageni walikuja kumshukuru, nikawaambia warudi kesho. Nilikaa mlangoni nikimtazama anavyokoroma, mama mwembamba aliyejifunika khanga kuukuu, na sikuamini kuwa ninaishi naye nyumba moja.