Mto Unaotoka Ziwani

Kwetu Bunda, ng'ombe wa mahari hawapokelewi mpaka upande wa binti umekwenda kuona mji wa mwoaji: nyumba, zizi, na mahali wanapochota maji. Kwa mchumba wa binti wa dada yangu jambo hilo lilitushinda. Kwa baba yake Butiama tulifika, tukala, tukaridhika. Lakini kijana mwenyewe anaishi Ulaya, anafanya kazi kwenye meli za mizigo katika mto Rhine. Basi dada akaja na binti yake kwangu Makoko, simu mkononi, kwa kuwa mimi nafundisha jiografia.

"Mwalimu, huyu ni mwongo," alisema hata hajakaa. "Eti mto wao unaingia ziwani halafu unatoka tena. Mto Mara ukishaingia ziwani si umekwisha?"

"Mara umekwisha, dada. Lakini ziwa letu hili linatoa mto kule Jinja, Uganda. Hapo kijana hajadanganya."

Nilichovya kidole kwenye chai nikamchorea mezani, taratibu. Rhine unaanzia kwenye milima yenye theluji ya Uswisi, unaingia Ziwa Konstanz, unatoka, unaanguka kwenye maporomoko, unafika mji wa Basel. Hapo unakata kona kwenda kaskazini, Ufaransa kushoto, Ujerumani kulia. Unapita katikati ya Ujerumani, na ukiingia Uholanzi unagawanyika, matawi yanachukua majina mengine hadi baharini.

"Unabadilisha jina?" Dada alinikazia macho. "Anayebadilisha jina akivuka mpaka kuna kitu anakimbia."

"Hao ni watu, dada. Mto haujaiba."

Binti alicheka. Dada hakucheka. "Haya. Angalau nyumba naiamini, kaipiga picha."

Nikaiangalia: nyumba nzuri, nyuma yake maporomoko meupe. Chini aliandika kwamba hapo ndipo kwake, na meli yao inafunga gati mbele ya mlango. Sasa shaka ikahamia kwangu. Nilirudi kwenye mchoro wangu wa chai. Meli za mizigo zinapanda kutoka baharini, zinaishia maeneo ya Basel. Maporomoko yako juu zaidi. Hakuna meli ya mizigo inayofika pale.

"Mpigie," nikamwambia binti. "Weka sauti tusikie wote."

"Shikamoo, mama mdogo," kijana alisema alipoambiwa nipo. Nikaitikia, nikamuuliza meli inapandaje maporomoko.

"Ile nyumba si yangu," alisema. "Nilikwenda kutembea tu. Mimi nalala melini. Tunapanda Basel, tunashuka Rotterdam. Mlitaka kuona mji, nikaona aibu."

"Kwa hiyo tunampa mtoto wetu mtu asiye na mlango?" dada aliuliza.

"Mlango upo, mama. Ila unatembea."

"Usinichekeshe! Ng'ombe wabaki Butiama mpaka upange chumba, tukione."

"Mama, wavuvi wa Rukuba wanalalaga kambini na wanaoa," binti alisema.

"Rukuba napanda boti, nafika, nachungulia."

Simu ilipokatwa, binti aliinamisha kichwa. Dada alimtazama, kisha akanisogezea kikombe.

"Chora tena. Leo kasema yuko wapi?"

"Hajasema."

"Basi kila jioni aseme," alimwambia binti, "na wewe umletee mama yako mdogo achore. Siku meli yake ikipanda maporomoko, tumemkamata."