Mwanga wa Nyota na Njia ya Lubumbashi

Nakumbuka Jumapili moja ya kiangazi, baba amelazwa kwenye mkeka uani, hapa hapa Likasi, amebaki mifupa na macho. Mwanangu, jana uliniuliza kama ni kweli mwanga wa nyota husafiri miaka mingi kabla ya kutufikia, nami nikakujibu kwa mkato, ukadhani nachukia maswali yako. Siyachukii. Ila swali hilo lina kidonda kwangu, na leo nitakufunulia.

Mjomba wako Kasongo tulisoma shule moja, na kwenye hesabu nilimshinda. Lakini baba, aliyevunja mawe kwenye machimbo ya Kakontwe tangu ujana wake, alisema nguvu zake zinatosha kusomesha mtoto mmoja, na mtoto huyo akawa wa kiume. Mimi nikaenda kuuza unga sokoni. Kasongo akirudi likizo alinifundisha aliyoyapata huko: kwamba mwanga wa jua hutumia kama dakika nane kutufikia, wa nyota iliyo jirani na jua, zaidi ya miaka minne, na kwamba zipo nyota ambazo mwanga wake uliondoka kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa, hata huenda nyota yenyewe imekwisha kuzimika nasi bado tunaitazama. Nilimsikiliza huku nikimenya muhogo, na nilielewa yote.

Akawa mwalimu wa chuo kikuu Lubumbashi. Baba alipoanza kuugua kifua nilimpigia simu, akasema atakuja wiki ijayo. Nikapiga tena, akasema ana mitihani ya kusahihisha. Miezi ikapita. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nakwambia si kweli kwa kila mtu: Kasongo hakuwepo, na lake lilijaa nyumba nzima. Kila mgeni aliyekuja kumjulia baba hali alisimuliwa habari za Kasongo, na mimi niliyeshika beseni sikutajwa.

Basi Jumapili hiyo Kasongo alizungumza redioni. Baba aliniomba nimwekee redio karibu na sikio. Kaka yangu alieleza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alisema hakuna kitu kinachokimbia kuushinda mwanga, na bado mbingu ni pana hata mwanga mwingine hutumia mamilioni ya miaka njiani. Baba alitabasamu mwanzoni. Kisha tabasamu likamtoka, akaniuliza polepole, maana pumzi ilikuwa inamkatikia:

"Na kutoka Lubumbashi mupaka hapa, bisi inatumia masaa ngapi?"

"Masaa mbili, baba. Kama njia iko muzuri."

Alinyoosha mkono akaizima redio kabla mwanawe hajamaliza. Alhamisi tukamzika.

Kasongo alifika siku hiyo ya mazishi, amevaa suti. Kwenye matanga vijana walimzunguka wakimwuliza habari za nyota, naye akaanza tena, kwa ile sauti ya redioni. Niliinuka nimkemee mbele ya wote. Shangazi yetu, Mama Ngoie, dada yake baba, akanivuta kitenge nikakaa. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba nikipiga kelele nitampa sababu ya kukasirika, na mwenye hasira hajioni. Kisha akamgeukia yeye mwenyewe.

"Kasongo, weye unajua mwangaza inatoka wapi na inafika wakati gani. Tuambie basi: baba yako alikuwa analala upande gani, ili kifua isimuume?"

Kasongo alinitazama mimi, kama alivyonitazama zamani darasani akishindwa hesabu. Zamani nilimnong'oneza majibu. Siku hiyo sikufungua kinywa.

Kesho yake aliondoka. Siku hizi naye ni mzee, wanawe wako ng'ambo, na kila anaponipigia simu huniuliza baba alisema nini siku za mwisho. Sijamwambia. Nikimwambia ukweli nitamvunja. Nikimdanganya nitakuwa nimemsamehe, na huko sijafika.

Mwanangu, akili nyingi huondoa maarifa. Nenda kasome mambo ya mbinguni, usome na sehemu yangu niliyonyimwa. Lakini usiilaumu nyota kwa kuchelewa: mwanga wake umetoka mbali kweli, wala haukusimama njiani. Binadamu huchelewa kwa kupenda. Ukisikia mtu wako anaugua, panda gari siku hiyo hiyo, ufike angali anaweza kukutambua, umwoshe kwa mikono yako. Machozi ya kaburini hayamgeuzi mgonjwa upande.

Mungu akupe macho ya kuona mbali, akupe na miguu ya kufika karibu. Uzae watoto watakaokujia ungali hai.