Panya wa Nyumba Mbili

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nilisikia mbio juu ya kichwa changu kila jioni, mara tu baada ya adhana ya magharibi. Nilikuwa nimetoka mtaa wa Kinama, kwenye nyumba ya matofali mabichi, na kule panya tuliwajua vizuri. Walichimba chini ya ukuta, wakatokea kando ya mafiga, ukaziba tundu kwa jiwe, wakachimba jingine. Lakini Buyenzi, nyumbani kwa mume wangu, sakafu ilikuwa ya saruji safi isiyo na ufa. Panya wa huku walikaa juu, na mimi sikuwahi kusikia panya wa juu.

Nyumba yenyewe ni ya zamani, imeshikana na nyingine kulia na kushoto. Chumba cha mbele kilikuwa butiki ya mama mkwe wangu: mchele, maharage, unga wa muhogo, sukari, sabuni. Nyuma tuliishi sisi watatu, yeye, mume wangu na mimi. Mume wangu ni fundi wa magari na mchana kutwa yuko gereji, kwa hiyo mimi nilibaki butikini na mama yake. Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kuzunguka magunia. Karibu kila siku nilikuta moja limetobolewa kwenye pembe, mchele umetiririka sakafuni, na juu ya mchele vinyesi vyeusi vidogo kama mbegu.

"Ni panya wa yule mzee," mama mkwe alisema, akielekeza kidevu ukuta wa kushoto. "Nyumba kubwa vile, mutu mumoja ndani, vitu vya zamani kila kona. Wanazalia kule, wanakuja kula hapa."

Upande ule aliishi mzee wa ukoo wa Kiomani, aliyekuwa mfanyabiashara wa vitambaa zamani. Mke wake alikuwa amefariki, watoto wameenda kutafuta maisha mbali. Naye alikuwa na maneno yake. Alisema mbele ya watu, wakitoka msikitini, kwamba panya wa mtaa huu wana bahati: jirani yake akiwa na mchele ndani, wana haja gani ya kuhangaika mpaka mashamba ya Buterere? Maneno hayo yalifika butikini kabla ya kofia yake kufika nyumbani. Hata hivyo walisalimiana kwa adabu zote, wakaulizana afya ya mwili na ya watoto, kisha kila mmoja akaingia kwake kunung'unika.

Mimi kuna jambo lilinisumbua. "Lakini Mama," niliuliza siku moja, "kama wanazalia kule, mbona mbio ziko juu ya kitanda changu?"

"We mutoto unauliza sana," akanijibu. Siku ile ile akanunua sumu sokoni, punje za rangi ya waridi kwenye kifuko cha nailoni, akamwomba mwanawe azitupe juu ya dari, pale tunapoita plafo.

Mbio zilipungua kweli. Mama mkwe alitembea kifua mbele. Kisha, baada ya siku chache, ikaja harufu. Mwanzoni ilikuwa nyepesi, nikadhani ni maji yaliyotuama mtaroni. Ilipofika Ijumaa ilikuwa imejaa butiki nzima. Mteja mmoja alisimama mlangoni, akavuta pua.

"Mama, nyama yako imeharibika?"

"Mi siuzi nyama," mama mkwe akamjibu.

Mteja akatazama magunia, akatazama dari, akasema atarudi kesho. Hakurudi. Na mama mkwe, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akifunga butiki Ijumaa kabla ya jua kuzama, akafunga.

Mume wangu alileta ngazi ya gereji. Akajifunga kitambaa puani, akavaa glovu, akabandua ubao mmoja wa plafo chumbani kwetu, nyuma ya butiki. Alitoa panya waliokufa, akawatia kwenye mfuko, akaenda kuwafukia. Aliporudi na nyundo ili apigilie ubao, nikamshika mkono.

"Ngoja kwanza nione."

"Uone nini? Wameshatoka."

"Nione wanapopita."

Alinicheka, lakini akanipa kile kitambaa na kunishikia ngazi. Mama mkwe alikuwa chini akilalamika kwamba nitaanguka, na kwamba hajawahi kuona bibi-arusi wa namna hii.

Niliwasha taa ya simu. Kwanza nikaona kitu ambacho hakuna mtu aliyenieleza: ukuta kati yetu na mzee haukufika kwenye mabati. Uliishia kwenye usawa wa plafo tu. Juu yake palikuwa wazi, na giza lile lilipitiliza kutoka nyumba hadi nyumba, paa moja kwa wote. Nikiwa chini nilijua hapa ni kwetu na kule ni kwao. Kwa panya, nyumba zote zile zilikuwa moja.

Kitu cha pili kilikuwa mstari. Juu ya ukuta ule, kando kando, palikuwa na njia nyeusi inayong'aa, kama sehemu ya mlango wa gereji inayoshikwa kila siku na mikono yenye grisi. Ni matumbo na manyoya yaliyopita pale pale, kila siku, bila kukosea. Nilikaa nikiitazama. Kuna methali niliyoisikia tangu utotoni, kwamba panya wengi hawachimbi shimo, maana yake wakiwa wengi hawaelewani kazi. Hawa walielewana vizuri sana. Walikuwa na barabara.

Na kitu cha tatu, karibu na mkono wangu, juu kabisa ya chumba chetu cha kulala: kiota. Kilikuwa kikubwa kama kikapu, kimefumwa kwa nyuzi za magunia, karatasi za sukari, na kipande cha kitenge changu mwenyewe nilichokitafuta muda mrefu. Kukizunguka palikuwa na maganda mekundu, mengi, kama yamepepetwa. Nikayachota kidogo kwa karatasi, nikashuka.

Mama mkwe aliyasugua maganda kwa dole gumba. Mtu aliyeuza nafaka maisha yake yote hahitaji kuambiwa.

"Mtama," akasema.

"Sisi tunauza mtama, Mama?"

"Apana. Tangu lini?" Macho yakamng'aa. "Nilisema! Nilisema panya ni wake!"

"Chakula ni chake," nikasema. "Lakini kitanda kiko kwetu. Wamekifuma kwa magunia yako."

Alitaka kukasirika, kicheko kikamshinda.

Nilichukua jivu la mbabula, jiko letu la makaa, nikalichekecha liwe laini, na mume wangu akalinyunyiza juu ya ukuta wa kati kama unga juu ya sinia. Asubuhi nilipanda ngazi kabla ya chai. Nyayo zilikuwa zimeandikwa wazi, vidole vidogo kama vya mtoto mchanga, na katikati mstari mwembamba wa mkia ukiburuzwa. Nyingine zilienda kwa mzee, nyingine zilirudi. Nilishuka nikiwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu. Miezi yote nilikuwa nimesikia kelele tu, na sasa nilikuwa nimesoma safari.

Kilichobaki ni kumweleza mzee, na hapo hata mama mkwe, mwenye ulimi wake, alisita. Mtu mzima huwezi kumwendea ukamwambia analisha panya. Tukakaanga vitumbua, tukavifunika kwa kitambaa, tukaenda baada ya alasiri.

"Hodi, Mzee."

"Karibuni, karibuni. Leo jua limetoka wapi?"

Alitukaribisha uani. Nilikuwa sijawahi kuingia. Nilitarajia takataka, kwa jinsi nilivyosimuliwa, lakini palikuwa pamefagiwa safi. Katikati ya ua, juu ya kigoda, palikuwa na sinia pana la bati, na ndani yake maganda machache mekundu. Mama mkwe aliliona wakati mmoja na mimi. Tukatazamana.

"Mzee," nikauliza, "hili sinia ni la nini?"

Uso wake ulilainika. "La njiwa, binti yangu. Na ndege wengine wa Mungu. Marehemu mke wangu alikuwa akiwamwagia mtama kila siku, sadaka yake. Alipoondoka nikasema sadaka hii haitakatika mikononi mwangu. Kila magharibi najaza sinia. Asubuhi nikiamka, hakuna hata punje." Alisema hilo kwa fahari tulivu. "Wanakuja alfajiri mimi nikiwa bado kitandani. Nikiona sinia tupu najua imepokelewa."

Nilitazama chini. Mama mkwe alianza kupanga vitumbua upya kwenye sahani, ingawa vilikuwa vimepangika. Nilijua angeweza kushinda ugomvi wa miaka kwa sentensi moja. Hakuisema.

"Marehemu alikuwa anamwaga magharibi pia?" nikauliza.

"Apana, yeye asubuhi. Mimi magoti yananisumbua asubuhi, nikaona bora jioni."

"Umeshawaona hao ndege wakila?"

Akafikiri. "Nawasikia mabatini."

"Mi nina hamu ya kujua ni ndege gani," nikasema, na haukuwa uongo wote. "Utaniruhusu nimwage jivu kidogo hapa chini ya sinia? Kesho nitasoma nyayo."

Jambo hilo lilimpendeza. Alisema alipokuwa kijana alijua kutofautisha nyayo za kuku na za bata. Akaleta jivu mwenyewe, akasimamia kazi kama fundi mkuu, akanikosoa nilipolimwaga nene.

Asubuhi hakusubiri nipige hodi. Nilisikia anaita jina la mume wangu ukutani, taratibu. Tukaenda wote watatu. Alikuwa amesimama mbele ya kigoda, mkono kiunoni, kanzu imechafuka jivu pindoni kwa sababu alikuwa ameinama hadi chini kutazama. Hapakuwa na unyayo hata mmoja wa ndege. Palikuwa na vile vidole vidogo, vingi mpaka vimekanyagana, na mistari ya mikia kila upande.

"Hii mistari," akaniuliza, "ni ya nini?"

"Mikia, Mzee."

Alikaa kwenye kiti. Nikatamani nisingekuwa na udadisi ule. Kisha akasema, bila kumtazama yeyote, "Na mimi nimekuwa nikimwambia kila siku, kwenye dua, kwamba ndege wake wanakula."

Mama mkwe ndiye aliyemjibu. "Mungu anaangalia nia, Mzee. Sinia ulijaza kwa ajili ya ndege. Panya waliiba. Mwizi akiiba sadaka, sadaka haifutiki."

Mzee alimtazama. Sidhani walikuwa wameambiana neno la kweli tangu mimi niolewe. "Nawe wamekula mchele wako," akasema.

"Wamekula. Na wamelala kwangu bure."

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na ilifanywa kwa nyumba mbili kwa pamoja, kwa kuwa nyumba moja isingeweza. Mume wangu alikata mabati gereji, akaziba pengo juu ya ukuta na mianya yote chini ya paa ambamo kidole gumba kingepita. Matundu madogo ya mabomba aliyaziba kwa zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, akapaka saruji juu yake. Kiota tulikitoa na kukichoma. Mchele na unga tulivihamishia kwenye mapipa yenye vifuniko, na magunia yaliyobaki tukayapandisha juu ya mbao, mbali na ukuta, ili ufagio upite nyuma yake. Sumu mama mkwe hakuitaka tena, harufu ile ilimtosha. Tulitega mitego ya kubana kando ya ukuta, siagi ya karanga kidogo juu yake.

Isiwe hadithi nzuri kupita kiasi. Siku za kwanza mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mtama ulipokatika, panya walitushukia kwa njaa, wakatafuna hata sabuni, na mmoja alimng'ata mama mkwe kidole cha mguu akiwa usingizini bila yeye kuamka. Watu husema panya huuma na kupuliza. Niliuangalia ule mguu kwa makini, na siwezi kusema kama alipuliza, lakini tulikwenda dispensari, akapigwa sindano, na kwa muda hakunisemesha. Baadaye mitego ikaanza kulia, siku baada ya siku, kisha mara moja moja, kisha kimya. Mvua zikianza huwa tunapata mmoja au wawili wanaoingia kwa mlango, kama wageni wengine.

Mzee alirudisha sadaka asubuhi. Alijikaza na magoti yake, akawa anamwaga konzi moja, anakaa hapo hapo na kahawa yake mpaka ndege wamalize, kisha anafagia. Nikimpelekea kitu asubuhi alinikataza kusogea. "Shii. Yule wa shingo ya kijani amekuja na mkewe." Alikuwa ameanza kuwajua mmoja mmoja. Aliniambia kwamba miaka ile yote alidhani ndege ni ndege tu.

Habari zilienea, na wanawake wa mtaani wakawa wananiita nitazame plafo zao. Nauliza kwanza wanalala wapi na wanakula wapi, na mara nyingi majibu ni nyumba mbili tofauti zenye watu wasiosemeshana. Majuzi niliitwa kwenye duka la spea karibu na gereji ya mume wangu. Hakuna chakula mle, ni mikanda ya injini, pleti za breki na mafuta machafu, na bado panya wametafuna waya na kutoboa boksi baada ya boksi. Nilimwaga jivu, nikasoma. Nyayo zinatoka nyuma ya rafu, zinazunguka duka zima, zinarudi nyuma ya rafu. Haziendi kokote kula. Mwenye duka ananiuliza wanaishi kwa kula nini. Kesho nitakwenda tena, wafanyakazi wake wanivutie ile rafu mbele nione kuna nini nyuma yake.