Nyanya Kwenye Chumba cha Baridi

Ukitaka kumkuta Nyanya, usimtafute jikoni wala kitandani. Mtafute kwenye chumba cha baridi cha ghala la mboga, ndani ya sweta mbili na soksi za sufu, akipiga soga na mchicha. Zamani aliuza mboga barabarani, na jua lilikuwa mbia wake: ikifika saa sita limeshakula nusu ya tenga. Ndiyo maana chumba kile alikipenda. Kila fungu alilikung'uta maji, akalilaza kwenye mfuko wenye matundu madogo, akaufunga bila kuukaba. Mboga nayo inapumua, alikuwa akisema. Ghala zima lilimwita Nyanya, hata msimamizi, ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wake kweli.

Siku hizo alikuwa na kikohozi. Bintiye alimsihi aache kazi, baridi ile itamuua. Nyanya akamjibu kwamba nyumbani kuna televisheni na maumivu ya mgongo, hapa kuna watu wa kutaniana nao. Kwa hiyo kikohozi alikimeza, na kilipokataa kumezwa, alikohoa ndani ya kola ya sweta.

Asubuhi moja alikuwa nyuma ya pazia la plastiki aliposikia simu ya mpakiaji, imewekwa sauti ya juu. Msimamizi alikuwa njiani, tena amekasirika.

"Toeni nyanya chumba cha baridi kabla sijafika. Nimeshasema, mle si mahali pa nyanya."

Mpakiaji aliitikia, kisha akakimbilia lori lililokuwa likipiga honi. Nyanya aliishika kola ya sweta. Kikulacho ki nguoni mwako. Kikohozi kimemsaliti kutoka kwenye kola yake mwenyewe. Na kinachouma zaidi, hakuitwa hata akaambiwa usoni. Alivua glavu, akakunja sweta ya juu, akapangusa meza, maana aibu ya meza chafu hakutaka imfuate. Kisha akaketi nje juu ya kreti tupu, mkoba mapajani, machozi yakimlenga.

Msimamizi alifika, akamwamkia shikamoo, naye akaitikia kwa shida. Msimamizi akaingia ndani, akatoka mbio.

"Nyanya, mbona nyanya bado zimo?"

Zimo. Hakusema yumo, alisema zimo. Nyanya akakumbuka makreti ya nyanya aliyoyasukuma ndani jana jioni, kwa huruma zake, akiamini baridi inayoufaa mchicha haiwezi kuzidhuru nyanya. Kumbe zikikaa humo hupoteza utamu na kuwa teketeke.

Alicheka hadi kikohozi kikatoka hadharani. Alipoeleza kisa chote, msimamizi naye alishika ukuta kwa kicheko. Kisha akauona ule mkoba na sweta iliyokunjwa. Akaikunjua sweta, akamfunika mabegani.

"Nyanya zinatoka," alisema. "Nyanya anabaki. Ila hicho kikohozi tunakipeleka hospitali leo."