Nyama ya Mzazi Niliyoiosha

Nyama ile haikuwa imeoza. Naandika hivyo kwanza kwa sababu nilipotakiwa kusema, nilisema kinyume chake, na nyumba nzima ikaniamini.

Tuliishi juu ya Molo, kwenye shamba la mzungu ambaye baba alikuwa mpishi wake. Memsahib, mke wa mzungu huyo, alipokitupa kitabu chake cha kuhifadhi vyakula kwenye chupa, baba aliniletea. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la nne, lakini Kiingereza cha kitabu kile nilikipasua neno kwa neno hadi kikaeleweka. Nilijifunza kutandika kitambaa ndani ya debe ili chupa zisigongane, kuzichemsha, na kukaza mfuniko juu ya mpira wake. Nilianza na plamu, kisha minji ya bustani, kisha matunda ya miiba tuliyochuma kando ya msitu. Plamu nilizipanga moja moja, kikonyo kikitazama ndani kisionekane. Moja ikipinduka wakati wa kuchemka, nilifungua chupa nikaanza upya.

"Hizo ni za kula ama za kuposwa?" mama aliniuliza.

Wengine walicheka. Mimi nilikuwa nakagua mifuniko.

Kogo, ndivyo tulivyomwita nyanya mzaa baba, hakuwa na kitabu. Kila mara mwanamke wa nyumba yetu alipokaribia kujifungua, yeye ndiye aliyeandaa nyama ya mzazi. Alikata nyama ya ng'ombe vipande virefu vyembamba, akavikausha juu ya moshi wa mzeituni mwitu, akavikaanga, akavishindilia ndani ya chombo cha mti, kisha akamimina mafuta na asali hadi vikazama. Ilikaa miezi. Mzazi alipewa kidogo kidogo, na wanawake walisema ndiyo inayorudisha damu. Mke wa kaka yangu alipopata mimba ya kwanza, Kogo alifanya hivyo hivyo, kisha akaenda Keringet kumwuguza dada yake.

Siku ya tatu baada ya yeye kuondoka, nilifungua chombo. Sikuwa na njaa, nilitaka tu kuona. Nyama ilikuwa nyeusi, mafuta yameganda, na juu yake palikuwa na chembe za majivu na unywele mmoja mweupe. Unywele ule ulininyima raha siku nzima. Niliona aibu kwamba wifi yangu angelishwa kitu kama kile, na mimi nina chupa tisa safi.

Nikaiosha. Niliimwagia maji ya moto mara tatu mpaka mafuta na asali vikaisha, nikaipanga kwenye chupa, nikajaza maji ya chumvi. Kwenye kitabu, kurasa za nyama zilikuwa zimetafunwa na panya. Zilizobaki hazikusema ichemshwe kwa muda gani, nami nilijua hazisemi. Nikaichemsha kwa muda wa plamu, kwa sababu kukiri kwamba sijui kulinitisha kuliko kukosea. Chupa zilipopoa zilikuwa nzuri mno. Nilizifunika shuka, nikarudi mara nne kuzitazama.

Wiki ya pili maji yakaanza kuingia ukungu. Nikajiambia ni chumvi. Kisha mfuniko mmoja ukavimba, nami nikaisogeza chupa ile nyuma ya nyingine.

Wifi alijifungua mvulana, na Kogo akarudi siku iliyofuata. Aliagiza chombo chake hata kabla ya kuketi. Majirani wawili walikuwa wamekuja kumwona mtoto.

"Kogo, nimeihamisha," nikasema, nikaleta chupa.

"Umehamisha nini?"

"Nyama. Iko safi zaidi humu."

Nilipolegeza mfuniko ulifyatuka, harufu ikajaa chumba. Wifi alijifunika pua, akamfunika na mtoto.

"Wee! Huyo alizikwa lini?" jirani mmoja akasema.

Mama hakucheka. "Umefanya nini?"

Ningeweza kumjibu. Badala yake nikasikia sauti yangu imetulia, sauti ya mtu anayeijua kazi yake: "Nilikuta imeshaanza kuoza kwenye chombo, mama. Nikajaribu kuiokoa."

Kogo alichukua kipande, akakinusa, akakiweka chini. Hakubisha. Nilikuwa nimejiandaa kubishana naye, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliuliza tu kama asali ilikuwa imefika juu. Nikasema haikufika. Huo ulikuwa uongo wa pili, na niliutoa bila hata kusita.

"Basi ni macho," akasema. "Sikuona."

Mzazi alinyweshwa uji. Nyama tuliifukia nyuma ya zizi, na chupa nikazisugua kwa majivu hadi zikang'aa.

Tangu siku hiyo Kogo aliacha kuhifadhi nyama. Majirani walipokuja kumwita, alisema mkono wake umeharibika. Hata maziwa ya kibuyu alimpa mtu mwingine ayaonje kwanza. Mimi nilisifiwa: ndiye msichana aliyejaribu kuokoa.

Mwaka jana wifi akawa mjamzito tena, na kaka akachinja dume. Wanawake walikusanyika, mama akamwekea Kogo kisu mapajani. Kogo akakisukuma.

"Mpeni huyo wa chupa."

Hapo nikasema. Nilisema nikiwa nimesimama, maana nilijua nikiketi sitasema. Nyama haikuwa imeoza. Asali ilikuwa imefika juu. Mimi ndiye niliyeiosha nikaiharibu, kisha nikamsingizia.

Halafu Kogo akatabasamu.

"Mnamsikia? Anataka kunifunika. Ameona nimekaa bure siku nyingi, sasa anajitwika kosa langu."

"Kogo, ni kweli."

"Ni kweli, mtoto wangu, ni kweli," akasema, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Jirani yule aliyetania siku ile akanishika bega. "Hayo ndiyo malezi. Wangu hata sahani hanifunikii!"

Nililia, nao wakayachukua machozi kuwa ushahidi wa roho nzuri. Mama peke yake hakunisifu. Alinitazama kwa muda mrefu, nikajua ameelewa. Kisha akaokota kisu, akanipa.

Niliketi mbele ya paja la yule dume. Miaka yote ile sikuwahi hata mara moja kuangalia vizuri jinsi Kogo alivyokata. Kipande changu cha kwanza kilitoka kinene upande mmoja, chembamba upande wa pili.

"Kogo, kiwe na unene gani?"

"Unavyojua wewe."

"Sijui."

"Usiniulize mimi," akasema taratibu, akainuka kwenda kuota jua. "Nitakuharibia."