Kopo la Odeta

Pale Mwaloni, soko la dagaa la Kirumba, Mwanza, Luhende hajapata wa kumshinda mdomo, na kwa kupima pia hana mpinzani, ukimuuliza yeye mwenyewe. Shule aliachia darasa la nne. Lakini mpe kiroba cha dagaa, akinyanyue kwa mkono mmoja, atakutajia kilo zake kabla mizani haijatulia. Akikosea, anasema mizani imelewa.

Nyumbani Mabatini aliyemweza alikuwa mmoja tu, mkewe Odeta, mtu wa Muleba. Jamu yake ya nanasi mtaa mzima uliijua. Mizani hakuwa nayo. Alikuwa na kopo la bati, zamani lilikuwa la maziwa ya unga, ukingo wake umebonyea. Nanasi mbili kubwa, sukari kopo mbili, ndimu moja, basi.

"Watu wanapima kwa kilo, wewe unapima kwa kopo la mtoto," Luhende alikuwa akimtania.

"Na wewe unaila kwa kilo, baba Precious."

Odeta alifariki mwezi wa pili, presha. Siku ya kuanua matanga vitu vyake vikagawiwa. Dada yake, Bernadeta, akalishika lile kopo, akauliza kama hapo nyumbani watalihitaji. Watu walikuwa wanalia, na Luhende alitaka wacheke kidogo.

"Chukua, shemeji. Mimi kichwa changu ni mizani."

Kopo likapanda basi kwenda Muleba.

Sasa binti yao wa pekee, Precious, alikuwa anapata kipaimara Jumapili. Mama yake alishamwahidi mkate na jamu siku hiyo, chupa nzima, yake peke yake. Luhende akasema jamu itakuwepo, atapika mwenyewe.

Kopo hakuna, lakini alikumbuka kitu. Siku moja Odeta alilijaza dagaa wakavu, yeye akaliweka kwenye mizani ya Mwaloni: robo kilo kamili. Kwa hiyo kopo mbili ni nusu kilo. Hesabu ya darasa la nne hiyo, inatosha. Jumanne akatia nusu kilo ya sukari kwenye nanasi mbili, akakoroga huku anapiga mluzi.

Ikatoka maji. Kufika Ijumaa inatoa povu kwenye chupa.

"Baba, hii ipeleke kilabuni," Precious alisema.

Ulikuwa utani wa mama yake kabisa. Wakacheka wote wawili, halafu kila mtu akatafuta pa kuangalia.

Luhende akampigia Bernadeta.

"Shemeji, lile kopo likijaa sukari ni kilo ngapi?"

"Si ulisema kichwa chako ni mizani?"

Bernadeta akasema ngoja aende nalo dukani. Akapiga baadaye.

"Gramu mia nane na kidogo. Wewe uliweka ngapi?"

"Robo kwa kila kopo. Nilipima kwa dagaa."

"Shemeji jamani. Dagaa wanaacha nafasi katikati, sukari inashindiliana." Halafu akaongeza, "Ila Odeta hakuwa anajaza. Alikuwa anachota dole gumba likiwa ndani ya kopo. Sasa hilo dole sijui utalitoa gramu ngapi."

Luhende akakata simu, akalinyoosha dole gumba lake, akaliangalia. Nene, limechunwa na kamba za viroba. Mkono wa Odeta aliushika miaka kumi na saba, na sasa hivi hakuweza kusema dole lile lilikuwa kubwa kiasi gani.

Jumamosi akapika tena, sukari kilo moja na nusu, kwa kukisia. Ikashika vizuri, ikang'aa. Jumapili walipotoka misa, Precious na gauni lake jeupe akapaka mkate, akala.

"Tamu, baba."

"Nilikwambia. Mimi mizani."

Kwa jamu ya mama yake, Precious akimaliza mkate alikuwa analamba kisu, anafokewa. Luhende alikuwa ameshayaandaa hata maneno ya kumfokea. Akasubiri. Precious akakichukua kisu, bado kina jamu, akaenda kukiosha.